Pasaka na Aprili ya 1979

Ifikapo Pasaka mji wetu wa Kampala huhamia vituo vya mabasi: nauli hupanda, kuku hufungwa miguu na kutiwa chini ya viti, na hata wale waliouandama msalaba barabarani siku ya Ijumaa Kuu huishia Jumapili mbele ya sinia la matooke na nyama, wakashiba, wakalala. Siilaumu nyama, kwani karamu ni ada njema. Nilalamikalo ni ukimya wa mezani, maana sikukuu ile ambayo Bwana wetu aliiadhimisha pamoja na wanafunzi wake usiku wa kusalitiwa kwake iliwekwa tangu awali iwe ya nyumbani, na miongoni mwa masharti yake katika kitabu cha Kutoka ni kwamba mtoto aulize maana ya ibada ile, na mzazi amjibu.

Wako Wakristo wa siku hizi, hasa miongoni mwa walokole, wanaodhani kuwa kuirudia Pasaka ya Musa ni kupuliza pembe la kondoo dume na kula mkate usiotiwa chachu. Sina ugomvi na mkate. Lakini atakaye njia hiyo na amtazame Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, ambaye mwaka 1919, baada ya kuzama katika maandiko, alitahiriwa kule Mbale, yeye na wanawe, akaasisi jamii ya Kiyahudi ya Abayudaya. Na Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, waliobaki waliishika kwa siri. Hilo si joho la kuazimwa kwa juma moja.

Fauka ya hayo, Mkristo wa Kampala hana haja ya kuazima, maadamu anao msimu wake mwenyewe wa kuusimulia. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, chini ya utawala wa Amin, na mwaka ule ule madhehebu mengi ya Kikristo yakapigwa marufuku, waumini wakawa wakisali kwa kunong'ona. Kisha tarehe 11 Aprili 1979, Jumatano ya Juma Kuu, jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda wakauteka mji na kumwangusha Amin, na jioni iyo hiyo Wayahudi popote walipo wakaketi kwenye karamu yao ya Pasaka, nasi ya kwetu ikafika Jumapili, tarehe 15. Maduka yaliporwa, sitaficha (ingawa Waisraeli nao hawakutoka Misri mikono mitupu), na jangwa nalo likafuata: vita vya Luweero, na mafuvu ya watu yakapangwa kando ya barabara. Vijana wetu huyasikia hayo aghalabu kwenye mikutano ya siasa, yakiwa yamekwisha kupambwa kwa faida ya msemaji, ilhali bibi aliyeyaona kwa macho yake amekaa kimya kwenye kochi, akimenyewa chungwa.

Tunaungama, pamoja na Mtume Paulo, kuwa Kristo ndiye mwanakondoo wetu, na ukombozi tuuhubirio ni wa dhambi kabla ya kuwa wa madhalimu. Lakini mtoto ambaye hajapata kuambiwa jinsi jamaa zake walivyoishi katika hofu, na jinsi walivyotolewa humo, ataelewaje akihubiriwa kwamba amekombolewa?

Kitabu kile kile cha Kutoka huagiza kwamba nyumba iliyo ndogo mno kummaliza mwanakondoo imshirikishe jirani. Huku Nsambya na Katwe jirani huyo huenda akawa Mkongomani, mama achuuzaye vitenge, mzigo begani, aliyetoka kwao usiku na watoto bila kungoja chakula kiive. Ndugu msomaji, Pasaka ijayo mkaribishe, na kabla nyama haijapakuliwa mwache mtoto amwulize yeye kwanza, kisha amwulize bibi.