Siri ya Mtungi na Kata Yenye Ulimi

Wahenga wa pwani walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata huzama hadi chini, hujua maji yaliyobaki na taka zilizotuama, kisha hurudi mahali pake kimya. Methali hiyo ina maana kwa sababu kata haina ulimi. Mwaka 2011 kampuni ya Apple ya Marekani ilitia katika simu zake msaidizi wa sauti aitwaye Siri, na sikio la Mswahili likasikia humo neno lake lenyewe. Mwaka 2014 Amazon ilileta spika ya Echo, inayoitikia jina la Alexa, na mwaka 2016 Google ikaleta ya kwake. Tangu hapo kata imepata ulimi, na mwenye mtungi ana haki ya kuuliza ni nani mwingine anayezungumza nayo.

Chombo chenyewe ni kidogo, na utendaji wake si wa kiinimacho. Maikrofoni zake hukaa zikingojea neno la kukiamsha. Likisikika, maneno yanayofuata hurekodiwa na, kwa kawaida, hupelekwa kwa njia ya intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali. Huko hufasiriwa, na jibu hurejea kabla msemaji hajamaliza kupumua. Hivyo taa huwashwa, kiyoyozi huzimwa, mlango hufungwa na wakati wa sala hutajwa pasi na mtu kuinua mkono. Haifai kuibeza neema hiyo. Kipofu atakaye kujua saa, mzee aliyesalitiwa na magoti, mama aliyebeba mtoto mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, wote hao hupata humo msaada wa kweli. Hoja basi haiko katika manufaa, ambayo ni bayana. Iko katika malipo yake, na katika nani anayelipa.

Nyumba ya pwani ilijengwa juu ya fikra ya sitara. Mgeni huanzia barazani. Akikaribishwa huingia ukumbini. Na vyumba vya ndani, waliko watu wa nyumbani, havifiki ila kwa ruhusa. Hodi, kwa hiyo, ni zaidi ya salamu. Ni kukiri kwamba ndani mna maisha yasiyomhusu apitaye, ndiyo maana hodi ya tatu isipojibiwa mtu hurudi alikotoka. Msaidizi wa sauti hapigi hodi, kwa kuwa alikwisha kuwekwa ndani. Mwezi Mei 2018 ilitangazwa kwamba spika moja huko Portland, Marekani, ilirekodi mazungumzo ya mke na mume na kuyapeleka kwa mtu wanayemfahamu. Maelezo ya Amazon yalikuwa kwamba chombo kilidhani kimeitwa, kisha kikadhani kimeagizwa. Mwaka 2019 ilibainika kuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo walikuwa wakisikiliza baadhi ya sauti za wateja ili kukirekebisha chombo. Na tarehe 28 Machi 2025 Amazon iliiondoa hiari iliyokuwapo katika baadhi ya spika zake, ya amri kushughulikiwa humo humo ndani ya chombo bila sauti kutoka nje.

Watetezi husema kuwa mwenye nyumba aliridhia masharti alipokinunua chombo. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Mtu aweza kuridhia siri yake mwenyewe ijulikane. Hawezi kuridhia ya mwenzake. Jirani aliyekuja kulia kwa shida ya ndoa yake hakusaini chochote, wala mtumishi wa jikoni anayezungumza na wazazi wake kwa simu, wala mtoto. Neno lisemwalo ndani ya nyumba ya mtu ni amana mikononi mwake, na amana haiwi halali kuitoa kwa kuwa mtoaji amepata wepesi wa kuwasha taa. Kwa hiyo mwenye chombo ana wajibu ulio mwepesi kuutaja na mzito kuutimiza: amwambie mgeni kwamba kipo, na akizime akiombwa, bila ya kununa.

Lipo swali la pili, nalo ni la kauli. Msaidizi huyu huamrishwa, wala hashukuriwi. Aitwapo huitika, atukanwapo hakasiriki. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionya kuwa sauti ya kike iliyo tayari kutumwa wakati wote, isiyojitetea inapotukanwa, huimarisha fikra kwamba mwanamke kaumbwa kutumwa. Wengine watajibu kuwa jiwe haliudhiki, na kwamba adabu kwa jiwe ni upuuzi. Ni kweli kwamba jiwe haliudhiki. Lakini neno uungwana lina historia ambayo watu wa visiwani hawana udhuru wa kuisahau. Muungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa, na utumwa ulipigwa marufuku Unguja kwa amri ya mwaka 1897, wakaachwa masuria hadi mwaka 1909. Aliyeumizwa ni mtumwa, na hilo halina mjadala. Hata hivyo bwana naye aliharibikiwa kwa namna yake: alizoea sauti yake kutiiwa bila sababu, akapoteza uwezo wa kuomba. Kwa sababu hiyo neno lililotaja nasaba halikutosha. Ilibidi lije kutaja tabia.

Mwaka 2018 Amazon na Google zilianza kuvifanya vyombo vyao vimpongeze mtoto asemaye tafadhali. Nia ni njema, ila tiba hiyo ina sumu yake, kwani mtoto aweza kufundishwa adabu na kwa papo hapo kufundishwa kuwa mashine ni mtu. Adabu ya kweli hujifunzwa kwa mwenye kuweza kukataa. Mtoto amtumaye kaka yake maji na kukataliwa hujifunza jambo ambalo spika haitamfundisha milele.

Hapo ndipo lilipo jambo zito kuliko yote. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT, alieleza programu yake iitwayo ELIZA, iliyomrudishia mtu maneno yake kwa sura ya maswali. Baadaye alisimulia jinsi katibu wake, aliyejua fika kuwa ile ni programu tu, alivyomwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Mwanadamu ana kiu ya kusikilizwa, na akiikosa kwa watu ataitafuta popote. Leo watoto walio ughaibuni humnunulia mama yao aliyebaki peke yake chombo cha kumkumbusha dawa na kumjibu akiuliza. Dawa itakumbukwa. Lakini zamani jirani ndiye aliyepiga hodi asubuhi kuuliza mgonjwa kaamkaje, na katika kuuliza huko mgonjwa alijua kuwa yupo mtu ambaye angeumia asingeitikiwa. Spika haiumii isipoitikiwa. Mtoto anunuaye chombo hakosi kwa kukinunua. Hukosa pale anapohesabu kuwa amekwisha kumjulia hali mama yake.

Yafaa basi chombo kikae ukumbini, kisivuke kuingia vyumba vya ndani, na kisemeshwe kwa maneno ya kawaida, pasi na matusi wala mapenzi. Ama yule mama, simu ya mwanawe jioni na hodi ya jirani asubuhi bado ni deni, na deni hilo halilipwi na kata.