Kamera Ivutayo Mbali

Mwenye kamera ya Nikon P900 ya mwaka 2015, ivutayo taswira mara 83, aionapo P1000 ya mwaka 2018, ivutayo mara 125, aghalabu huingiwa na shauku. Walakini, kabla hajafungua mkoba, na azingatie ya kuwa kihisi cha mwanga ni kidogo vilevile katika zote mbili, ilhali uzito umepanda kutoka gramu 899 hata kupita kilo 1.4, na hewa itetemayo kwa joto la adhuhuri huiharibu picha ya mbali, lenzi iwe ndefu iwavyo. Mshabiki wa mwezi, haya, na anunue. Mpenda ndege ningemnasihi adamke, hewa ingali tulivu, awanyemelee na hiyo hiyo aliyo nayo.