Mti Unaoangushwa kwa Mkono wa Kukodi

Mwenye shamba anapomwita mtu wa pawasoo aje amwangushie mti, tendo moja hugawanywa kwa watu wawili. Mmoja ana mti na nia ya kuuondoa, mwingine ana mashine na ujuzi. Mti ukishalala chini, aliyeukata ni nani? Na kama kuukata kulikuwa kosa, kosa hilo linamkalia nani?

Sigor, katika Chepalungu, kaunti ya Bomet, swali hili si la kitabuni. Mji huo uko upande ambako majani chai ya miinuko ya Bomet na Kericho yanapungua, mahindi na malisho ya ng'ombe yakishika nafasi. Miti mingi inayoonekana imepandwa na watu: migrevilea mipakani, saiprasi kando ya nyumba, na mikaratusi, ambayo wengi huiita blugamu. Mkaratusi uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili reli ipate kuni, na leo viwanda vya chai huuchoma kukaushia majani. Mti wa namna hiyo ulipandwa ili ukatwe, na ukikatwa haufi. Kisiki huchipua, na baada ya miaka michache pana fito tatu nne palipokuwa na shina moja. Kitabu cha Ayubu kinaulinganisha uwezo huu wa mti na hali ya mwanadamu, na katika ulinganisho huo mti ndio wenye tumaini. Saiprasi haina bahati hiyo. Ikikatwa chini imekwisha. Neno "kukata" basi limebeba mambo mawili, kuvuna na kuua, na wa kwanza kujua ni lipi linalotendeka ni fundi, si lazima mwenye mti.

Kuna pia miti ambayo haikupandwa na yeyote aliye hai. Wakipsigis, wenyeji wa huko, walimwomba Asis, Mungu wao wa jadi, mbele ya mabwaita, madhabahu ya matawi yaliyosimamishwa karibu na nyumba, na matawi yake hayakuwa ya mti wowote tu. Mmea utambaao uitwao sinendet ulivaliwa katika sherehe, na simotwet, wa jamii ya mkuyu, haukuguswa ovyo. Kwa Wakikuyu mugumo una heshima kama hiyo. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alieleza kwamba alikatazwa na mama yake kuokota kuni za mti huo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Wengi wa Chepalungu sasa ni Wakristo, na mtu aweza kusema kwamba imani ikibadilika mwiko nao umekufa. Hoja hiyo ni ya haraka mno. Novemba 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa ikijengwa, mkuyu mkubwa wa Waiyaki Way uliokolewa kwa amri ya rais. Waliousimamia na kuutetea hawakuwa wote watu wa dini ya jadi.

Dini zilizokuja baadaye nazo hazikumwachia mwenye mti uhuru wote. Torati inalikataza jeshi linalouzingira mji kukata miti yake ya matunda, na khalifa Abubakar anasimuliwa kuwaagiza askari wake vivyo hivyo. Ikiwa mti wa adui una haki wakati wa vita, ni vigumu kudai kwamba mti wa nyumbani hauna haki yoyote wakati wa amani. Katika imani zote mbili mwanadamu ni mwangalizi wa mali ya Mwingine. Hati ya shamba inamkinga dhidi ya jirani. Haimkingi dhidi ya kuulizwa.

Jirani mwenyewe ana neno. Sheria ya Uingereza, ambayo Kenya iliirithi kwa sehemu, inamruhusu mtu kukata matawi yaliyoingia kwake, ila matawi hayo yanabaki mali ya mwenye mti. Wanazuoni wa fikihi ya Kiislamu walijadili jambo hilohilo: mwenye mti aambiwe kwanza, na akikataa, jirani ayapinde matawi au ayakate. Serikali nayo ina lake. Kanuni za mwaka 2009 zilimtaka mkulima aoteshe miti katika asilimia 10 ya shamba lake angalau, na mwaka huohuo waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji ing'olewe. Kwa hiyo kuacha mti kunaweza kuwa kosa kama kuukata. Mkaratusi kando ya chemchemi unanywa maji ya watu wa chini, na huruma kwa mti huo ni ukatili kwao.

Sasa kuhusu mkono wa kukodi. Sheria inasema atendaye kupitia mwingine ametenda mwenyewe, na hilo linatosha kumzuia mwenye shamba asijifiche nyuma ya kibarua. Lakini halimtoi kibarua. Shoka halina hatia kwa sababu halijui linachofanya. Fundi anajua, na kazi yake inaonyesha anavyojua. Kabla ya kuwasha mashine huuzunguka mti, akatazama juu, akagonga shina kwa mgongo wa panga kusikia kama ndani ni tupu. Kisha anakata mdomo upande ambao mti utaangukia, kabari ya mbao inatoka, halafu anahamia nyuma na kukata juu kidogo ya usawa wa mdomo huo. Hakati mpaka mwisho. Kamba nyembamba ya mbao huachwa katikati, nayo ndiyo bawaba: mti unainama juu yake polepole kama mlango unaofungwa, usije ukapinduka juu ya paa la jikoni. Mwenye macho kiasi hicho hawezi kusema alitumwa tu. Ameona kama shina lilikuwa zima. Ameona viota. Amejua kama kupogoa tawi moja lililoelekea nyumba kungetosha, na tawi lenyewe likatwe nje ya uvimbe wa pale linapotokea, ili mti uweze kulifunika jeraha.

Injili ya Luka ina mfano wa watu wawili hasa wa namna hii. Mwenye shamba amengoja matunda ya mtini miaka mitatu, anataka ukatwe, maana unaharibu ardhi bure. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, apalilie na kutia samadi, na usipozaa ndipo ukatwe. Mahubiri mengi hukaa kwenye subira ya Mungu, na si vibaya. Jambo linalopitwa ni kwamba anayeutetea mti ni mwajiriwa, na anautetea kwa hoja za ufundi. Hapingi haki ya mwenye shamba. Anaongeza ujuzi kabla haki hiyo haijatumika.

Mtunzaji yule, hata hivyo, alikuwa na kazi shambani mti ubaki au uende. Mtu wa pawasoo kwa kawaida hulipwa kwa mti ulioanguka, wakati mwingine kwa sehemu ya kuni au mbao zake. Akisema, "Mzee, huu uache, punguza tu tawi la upande wa nyumba," amejinyima ujira wa siku na petroli aliyojia. Kumlaumu kwa kunyamaza bila kuutazama mpango huo ni kumdai uadilifu ambao mwenye shamba hajaulipia. Anayetaka ushauri wa kweli hulipa kwanza safari na macho ya fundi, bei inayosimama hata jibu likiwa mti usikatwe, ndipo wapatane bei ya kuangusha, kupasua na kung'oa kisiki, kila kimoja peke yake.