Je, Kuchagua Risasi ni Suala la Maadili?

Wanafalsafa walioandika kuhusu wanyama wameshughulika sana na swali moja: je, ni halali kumwua mnyama? Liko swali la pili ambalo kwa kawaida huachiwa wauza bunduki: ukishaamua kuua, utaua kwa chombo gani? Katika insha hii nitajaribu kuonyesha kwamba swali hili la pili si la ufundi mtupu. Nitatumia mfano wa mbali kidogo na sisi, uwindaji wa koyote huko Marekani, hasa uchaguzi wa bunduki nyepesi na risasi inayofaa.

Koyote ni ndugu wa mbweha tunayemjua. Ana uzito wa kilo 9 hadi 20 hivi, kifua chembamba, na manyoya mengi wakati wa baridi yanayomfanya aonekane mkubwa kuliko alivyo. Anakula panya, sungura, matunda, mizoga, na akipata nafasi, wana-mbuzi na wana-kondoo, ambao huwakamata kooni. Katika majimbo mengi ya magharibi, Idaho ikiwemo, sheria haimwekei msimu wala idadi: anawindwa mwaka mzima. Kwa hiyo sheria haimwambii mwindaji mengi. Yanayobaki anajiamulia mwenyewe, na hapo ndipo maadili yanapoanza kazi.

Mfano huu sikuutoa kitabuni. Mjomba wangu (kwetu kwa Kirundi tunamwita marume) alizaliwa kambini mkoani Kigoma, katika familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972. Ni mmoja wa wale waliopelekwa Marekani kutoka kambi za Tanzania, na leo anafuga mbuzi huko Idaho. Mwaka jana alinitumia ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili chake cha Kigoma ambacho hakijabadilika hata kidogo: "Mpwa wangu, koyote wamenimalizia watoto wa mbuzi. Natafuta bunduki nyepesi, bega langu ni bovu na kilima ni kirefu. Wewe unasoma Kiingereza, nisaidie kupitia haya makaratasi ya dukani." Mama yangu alikuwa jikoni akasikia. Akasema: "Mwambie kaka yangu, bunduki ndizo zilizotutoa kwetu, leo yeye anazifuata dukani kwa hela yake?" Mjomba alicheka, lakini hakujibu. Nami nikabaki na makaratasi.

Kwa nini bunduki nyepesi? Kwa sababu mwenye mifugo hakai mahali pamoja kungoja. Anatembea alfajiri akikagua uzio, na bunduki iko begani saa zote. Bunduki ya kilo 3 au pungufu inabebeka, lakini ile ya mtutu mnene inayofika kilo 4 au 5 humchosha mtu kabla hajaona mnyama. Hata hivyo wepesi una gharama. Bunduki nyepesi hutikisika zaidi mikononi mwa mtu aliyesimama huku anahema baada ya kupanda kilima. Pia, kwa kanuni ile ile ya fizikia tuliyofundishwa sekondari, risasi moja ikifyatuliwa katika bunduki mbili, iliyo nyepesi hurudi begani kwa kasi zaidi. Sasa tujiulize, gharama hiyo inalipwa na nani? Faida ya wepesi anaipata mwindaji miguuni na begani. Shabaha ikikosewa kwa upana wa kiganja, anayelipa ni mnyama, maana risasi iliyopaswa kupita mapafuni itapita tumboni, naye atakimbia na kufa baada ya saa nyingi au siku. Kwa mtazamo wangu, kila mahali ambapo mmoja anapata faida na mwingine analipa, pana suala la maadili, hata kama anayelipa hawezi kulalamika.

Hapo tunafika kwenye risasi. Mtu asiyejua (mimi nilikuwa mmoja wao) hudhani kwamba huruma ni kuchagua iliyo kubwa zaidi, ili mnyama afe mara moja. Makaratasi ya mjomba yalikuwa na majina matatu: .223 Remington, .22-250 Remington na .243 Winchester. Ya kwanza hurusha kichwa cha gramu 3.6 hivi kwa kasi inayokaribia mita 990 kwa sekunde. Ya pili hurusha kichwa cha uzito huo huo kwa kasi ya mita 1,100 na zaidi, hivyo hushuka kidogo njiani na kumsamehe mwindaji aliyekosea kukadiria umbali, ingawa ina kelele nyingi na huuchakaza mtutu mapema. Ya tatu inaweza kubeba kichwa cha gramu 6.5, na wengi huitumia hata kwa paa wa huko. Lakini msukumo wake begani unazidi ule wa .223 zaidi ya mara moja na nusu, na katika bunduki nyepesi bega hilo linaupokea wote. Mwenye bega bovu atajifunza kuogopa mlio. Atafumba macho na kukaza mwili kabla ya kufyatua, na shabaha itahama. Basi risasi yenye nguvu zaidi, mikononi mwa mtu huyu, inaweza kuwa ndiyo yenye ukatili zaidi. Upande wa pili kuna zile ndogo mno, kama .22 ya kawaida inayotumika kwa sungura. Ni ya bei ndogo na haina kishindo, lakini kwa koyote mara nyingi inajeruhi tu.

Naona jambo hili ni muhimu kifalsafa. Hakuna risasi yenye huruma kwa yenyewe. Huruma inapatikana katika uhusiano wa vitu vinne: risasi, bunduki, umbali, na mwili wa anayefyatua. .223 ilimfaa mjomba kwa sababu ambayo haimo katika jedwali la kasi: ni ya bei nafuu, hivyo angeweza kufanya mazoezi mengi juu ya karatasi kabla ya kuelekeza mtutu kwa kitu chenye damu. Sikujua kwamba bei ya risasi inaweza kuwa hoja ya maadili.

Ipo pia hoja ya ngozi. Wanaouza manyoya huchagua kichwa chepesi kinachovunjika ndani ya kifua bila kutokea upande wa pili, ili ngozi isitoboke. Mara nyingi kifo huwa cha haraka. Lakini kichwa kama hicho kikigonga mfupa wa bega kinaweza kupasuka juu juu na kuacha kidonda kikubwa kisichoua. Mfugaji asiyeuza ngozi hana sababu ya kurithi hesabu za muuza ngozi. Kichwa kigumu kidogo, kinachopenya, kinamfaa zaidi, hata kama ngozi itaharibika.

Msomaji anaweza kunipinga: haya yote ni kujipamba. Ukishaamua kuua, kujadili gramu na mita ni kuituliza dhamiri tu. Pingamizi hili lina nguvu, na wanafalsafa wawili wa karne ya 18 wanajibu kwa njia tofauti. Kant alifundisha kwamba ukatili kwa wanyama ni mbaya kwa sababu unamzoesha mtu ukatili kwa binadamu. Jibu hilo liko karibu na neno letu utu: jinsi unavyomtendea mnyama inaonyesha wewe ni mtu wa namna gani. Mimi jibu hilo halinitoshi, maana linamfanya mnyama kuwa kioo cha kujitazamia. Bentham, katika kitabu alichokitoa mwaka 1789, aliuliza kama wanyama wanaweza kuteseka. Ikiwa wanaweza, basi saa sita za maumivu ni mbaya kuliko sekunde sita, hata pale ambapo kifo chenyewe kimeshaamuliwa, na hata kama hakuna anayetazama. Wachinjaji wa Buyenzi, hapa Bujumbura, hawahitaji Bentham kulijua hili. Dini yao inawaamuru kunoa kisu vizuri, tena wasikinoe mbele ya mnyama. Hakuna anayesema kwamba kunoa kisu ni kujipamba.

Lakini kisu kikali hakihalalishi kila kuchinja, wala .223 haihalalishi kila koyote. Serikali ya Marekani ilipitisha sheria mwaka 1931 ya kupambana na wanyama waharibifu. Sumu ikatumika kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1972 Rais Nixon alipozuia matumizi yake katika ardhi ya serikali kuu. Katika karne hiyo hiyo koyote, ambaye zamani alikuwa wa nyanda za magharibi, alienea karibu Marekani yote, akafika hadi Panama. Kwa hiyo anayesema anaua ili kuwapunguza duniani ana kazi ngumu ya kuthibitisha. Sababu inayobaki ni ile ndogo: koyote huyu, zizini hapa, na mbuzi hawa. Nayo inasimama tu ikiwa mfugaji kwanza amefanya yasiyohitaji damu, yaani kuwalaza mbuzi ndani usiku kama bibi zetu walivyofanya, uzio wa maana, na mbwa wa kulinda. Mjomba ana uzio na mbwa wawili. Alinunua pia .223 ya kilo 3 pungufu kidogo, akajiwekea mpaka wa hatua 150 ambao havuki hata mnyama akisimama wazi.

Mama bado hajaridhika, na hoja yake ya pili ndiyo ninayoshindwa kuijibu. Anasema kitu kizito hukaa ukutani mpaka pawe na haja, bali kitu chepesi unatoka nacho kila siku, na ukitoka nacho kila siku utakitumia. Koyote huishi kwa jozi zenye eneo lao, na si kila jozi hugusa mifugo. Ukiua jozi isiyo na hatia, eneo linabaki wazi kwa wageni ambao hujui tabia yao. Alfajiri, kwa hatua 150, koyote aliyekula mwana-mbuzi na yule anayetafuta panya wanafanana kabisa, na katika makaratasi yote niliyomsomea mjomba hapakuwa na ukurasa wa kumsaidia kuwatofautisha.