Asiyeweza Kukataa Tunachompa

Ndugu zangu, sisi wa Ilemela Mungu ametujalia chakula na mikono ya kutoa. Mwalo wa Kirumba hupokea samaki na dagaa kutoka visiwani, na kumpelekea mgonjwa au mzazi kitu cha kula ni wajibu ambao hatuhitaji kukumbushwa. Nia hiyo naiheshimu sana. Ninachohofia ni kile tunachokipakua.

Mtu mzima mwenye afya akila kilichoharibika, mara nyingi huharisha siku mbili tatu kisha akarudi kazini. Kwa mjamzito, mtoto mchanga, mzee, anayetibiwa saratani au anayeishi na virusi vya Ukimwi, tonge lile lile laweza kuua. Mwaka 2017 na 2018, huko Afrika Kusini, bakteria aitwaye listeria alisambaa kupitia soseji za poloni. Waliugua watu zaidi ya 1,000, wakafa zaidi ya 200, na sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga waliopata maradhi wakiwa bado tumboni.

Sasa tujitazame wenyewe kwa unga wa lishe. Tunachambua karanga, zilizonona tunaziuza nzima, na zilizosinyaa au kuota ukungu hatuzitupi. Zinakwenda mashineni pamoja na mahindi na dagaa, nao unga ukishasagwa hauonyeshi ukungu. Tunamkorogea nani uji huo? Mtoto anayeanza kula, na bibi asiye na meno. Ukungu huo huacha sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na kuuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulifika kwetu Tanzania, Dodoma na Manyara.

Najua karanga ni fedha, na tumelelewa kuona kutupa chakula ni kukosa shukrani. Malezi hayo ni mema. Lakini kumsagia mtoto punje ambazo mwenyewe ungezitema ni hiana, hata kama hakuna jirani aliyeona.

Vivyo hivyo kwa samaki. Sangara aliyeshinda juani bila barafu, macho yamezama na nyama imelegea, akipakwa ndimu na pilipili kisha akakaangwa sana, harufu hufichika. Muuzaji anajua, na mama lishe aliyemnunua kwa bei ya kutupa anajua pia. Mjamzito aliyekaa kwenye benchi akisubiri sahani yake hajui. Kumwambia "huyu ni wa jana" kunapunguza mauzo ya siku moja, nasi tumekuwa tukiuona upungufu huo kama fedheha kubwa kuliko uongo wenyewe.

Na wale dhaifu zaidi hawatuulizi. Mgonjwa aliyelazwa huona haya kukataa wali wa mkwewe. Mzee hula asije akaonekana mlalamishi. Mtoto hufungua mdomo tu. Kwa kuwa wao hawawezi kuhoji, kuhoji ni juu yetu tunaopika. Wali na maharage ya alfajiri yakikaa vuguvugu kwenye hotipoti hadi saa za kuona wagonjwa, vijidudu vitakuwa vimezaana humo, na vingine huacha sumu ambayo kupasha moto upya hakuiondoi. Pika karibu na saa ya kwenda, funika kikiwa cha moto sana, na ukifika useme kilipikwa saa ngapi. Kikibaki, usimwachie mgonjwa chini ya kitanda kwa ajili ya usiku.

Daladala ikichelewa na chakula kikapoa njiani, nunua ndizi mbivu ambazo hazijamenywa, mpelekee, na umwambie waziwazi kwamba wali utarudi nao nyumbani.