Ni Nani Anayeweza Kulidharau Taifa?

Katika kikao cha wakaaji hapa Kasha, Bukavu, kijana mmoja ambaye mama yake ni Mushi wa hapa na baba yake Munyarwanda aliomba kusema juu ya maji. Akaambiwa anyamaze, eti si wa hapa. Lililoniuma zaidi ni maneno ya msomi tuliyetazamia amtetee, mtu anayejiita mpenda maendeleo na mfuasi wa Lumumba. Alisema ugomvi huo hauna maana, kwa kuwa Kongo yenyewe ni mistari iliyochorwa Berlin na uraia ni mabaki ya ukoloni. Watu wakapiga makofi. Kijana akakaa.

Tuseme taifa ni watu waliokubali kuishi chini ya sheria moja. Maana hiyo yatosha. Hoja ya msomi ndiyo isiyotosha, nami nimechoka kuisikia. Kwamba mipaka ilichorwa na wageni, nani asiyejua? Lakini kitu kuanza vibaya si sababu ya kusema hakipo. Kadi ya mpiga kura, hati ya shamba, haki ya kusimama kikaoni, vyote vinatoka katika taifa hilo analoliita uzushi. Ni rahisi kuudharau uraia ukiwa nao mfukoni. Msomi wetu hajaulizwa hata siku moja babu yake alizaliwa wapi.

Tena hoja hiyo inafanana mno na ile inayodhani inaipinga. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu tangu kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikauondoa, ikidai wahenga wa mtu wawe wamekuwa ndani ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885, yaani mwanzo wa dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji! Wakati huo mpaka wa ziwa letu la Kivu ulikuwa haujakubaliwa, ulikubaliwa 1910. Anayedai damu asilia anaiheshimu kalamu ya Leopold kama maandiko matakatifu. Msomi naye anaamini kwamba alichoandika Leopold sisi hatuwezi kukiandika upya. Wote wawili wamemwachia mfalme yule neno la mwisho.

Wanaonikumbusha 1996, 1998 na Februari 2025, majeshi yalipoingia Bukavu yakisema yanawalinda wanyonge, wana haki ya kuogopa, lakini hofu hiyo si sababu ya kumnyamazisha kijana yule.

Nikiwaza haya, mawazo hunipeleka Fizi. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika kuja kuwasaidia waasi waliojiita wafuasi wa Lumumba, na wakimbizi wa Kinyarwanda walipigana upande huo huo huko Bendera. Wote waliitana ndugu wa mapinduzi. Lakini huko juu milimani ng'ombe wa Banyamulenge, wafugaji wa Kitutsi, walichukuliwa, na wengi wa wafugaji hao wakageukia jeshi la serikali. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila akaanzisha chama chake cha PRP katika milima hiyo hiyo, akihubiri tabaka, mkulima na mnyonyaji. Agosti 1998, akiwa Rais, watu wa serikali yake walichochea chuki dhidi ya Watutsi. Kwa maneno ya wakati huo Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata mmoja wao, Yerodia Ndombasi, mwaka 2000. Itikadi iliyokataa kuzungumza habari za nani ni wa hapa ilipobanwa, ikaazima lugha ya damu, maana haikuwa imejitengenezea lugha nyingine.

Mwaka 2021 Bunge lilipelekewa pendekezo la mwanasiasa Noël Tshiani kwamba urais uwe wa aliyezaliwa na baba na mama Wakongomani. Wapenda maendeleo wangapi wa Bukavu walijibu kwa jina la taifa, badala ya kulicheka?

Kama taifa laweza kubaki taifa bila kumfungia mtu mlango, bado sijui. Lakini sheria ya Novemba 2004 ipo, inayotambua kuwa Wakongomani watu wa kila kabila lililokuwa katika nchi hii wakati wa uhuru, na anayejiita mpenda maendeleo bila kuitetea hadharani hastahili jina hilo.