Kipande Kimoja cha Sakafu

Mtoto akikojoa juu ya zulia sebuleni, kimenajisika nini: zulia lote au mahali pale tu? Swali huonekana dogo mpaka adhana ya magharibi inaposikika. Katika nyumba nyingi za Bulla Pesa, sebule ndiyo pa kulia, pa kupokea wageni na pa kuswali.

Mtaa huu wa mji wa Isiolo uko kwenye nyanda kavu, na vumbi huingia mlangoni, dirishani, hata kwenye upenyo wa mabati. Saruji iliyofagiwa alfajiri huwa na utando kabla ya adhuhuri. Wengine hutandika mkeka wa plastiki, wengine ule wenye sura ya mbao uliopewa jina la mkeka wa mbao, na wenye uwezo hubandika taili za kapeti, vipande vya mraba ambavyo kwa kawaida ni sentimita 50 kwa 50. Chumba cha futi 10 kwa 12 humeza vipande 45 hivi, mbali na vinavyoharibika katika kukata. Fundi anayejua kazi hupiga mistari miwili ya chaki ikakatana katikati ya chumba, akaanzia hapo kwenda kutani, akifuata mishale iliyo nyuma ya kila kipande ili nyuzi zisilale ovyo. Saruji sharti iwe imekauka, kwani unyevu huachisha gundi.

Hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili. Unadhifu si tohara. Vumbi huchafua, lakini halinajisi. Tena lenyewe hutoharisha. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Kenya huyafuata, aliyekosa maji hutayamamu kwa udongo wenye vumbi. Vumbi lile lile linalokimbizwa kwa ufagio tangu asubuhi lingemtosha msafiri aliyekwama njiani kuelekea Marsabit. Hadithi ya Jabir bin Abdillahi, iliyomo katika Sahihi Bukhari, inaihesabu ardhi yote kuwa msikiti. Na Musa, katika Kutoka sura ya 3 na katika Sura Taha aya ya 12, aliamriwa avue viatu mahali pasipotandikwa hata jamvi.

Basi taili hazimwongezei mtu daraja mbele ya Mungu. Mtume mwenyewe aliswali kwa jamaa za Anas bin Malik juu ya jamvi kuukuu, lililosawijika kwa kutumiwa, baada ya Anas kulinyunyizia maji.

Mkojo ni jambo jingine. Bedui mmoja alipokojoa ndani ya msikiti wa Madina, masahaba walimkemea. Mtume akawazuia, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Mahali pale, si msikiti mzima. Wanazuoni wa Kishafii walijenga juu ya msingi huo: anayeswali kwenye upande safi wa mkeka ulionajisika upande mwingine, swala yake ni sahihi maadamu mwili na nguo zake haviigusi najisi. Hata watoto hutofautishwa. Mvulana ambaye bado hajala ila maziwa, mkojo wake hunyunyiziwa maji. Wa msichana huoshwa.

Ugumu huja najisi ikijulikana kuwa ipo, ila mahali pake pamesahaulika. Zulia likiwa dogo la chumbani, hukumu ya Kishafii ni kuliosha lote. Fikiria zulia la ukuta hadi ukuta katika mji ambao familia nyingi hununua maji kwa mtungi. Taili hapo zina faida ya kweli, na hili ndilo linalostahili kusemwa kwa nguvu: kipande kilicholowa hutambulika, hung'olewa na hutolewa nje peke yake. Lakini kisitumbukizwe kwenye beseni. Maji yasiyofika qullatain, kipimo kinachokadiriwa kuwa karibu lita 200, hunajisika najisi inapoingia ndani yake. Kipande kisimamishwe, maji yamiminwe juu yake yatiririke mpaka rangi na harufu ya mkojo zitoke. Na kwa kuwa maungio huvujisha, saruji iliyo chini nayo imwagiwe maji, kisha ikauke kabisa kabla ya kipande kurudishwa.

Je, sakafu iliyobadilishwa vipande vitano vilivyochakaa ni ile ile ya awali? Wanafalsafa wa Ugiriki waliulizana hivyo kuhusu meli ya Theseus, iliyobadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine. Fiqhi haijishughulishi na jina la zulia. Huuliza paji la uso na magoti yatagusa wapi leo, na kama pale ni tohara.

Kwa hiyo anayeweka taili Bulla Pesa amwambie fundi atumie utepe wa gundi pande mbili, au gundi inayokubali kung'oka, badala ya ile inayoganda moja kwa moja. Anunue vipande vitano vya ziada, vya rangi ile ile, siku hiyo hiyo, na avihifadhi juu ya kabati.